Punje Mia Moja

"Leo ndiyo siku yenyewe?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani, hata moto wa chai haujashika vizuri.

"Ndiyo, mama."

"Ya saba?"

"Ya saba."

"Basi huyo Bwana Shamba wako aanze kufungasha."

Mama Ghala aliinama akaupuliza moto kwa nguvu, kama mtu aliyetumwa kuuzima.

"Si wangu, mama," akasema mwishowe. "Ni wa kikundi."

"Wa kikundi!" Mama mkwe akatokea mlangoni taratibu, mkono mmoja umeshika ukuta, maana macho yake siku hizi yaliona mwanga na kivuli tu, mengine yote alibahatisha. "Kikundi kina wanawake thelathini na mmoja. Mbona ni wewe peke yako unayebadilisha kilemba kila akiwepo?"

"Si unasema huoni, mama?"

"Kilemba sikioni. Mlango wa kabati nausikia."

Mama Ghala akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Alimmiminia mkwewe chai, akamshikisha kikombe kwa mikono miwili, akamvuta kigoda mpaka penye jua. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kila asubuhi kwa miaka sita, tangu mumewe alipofariki. Siku zile za msiba ndugu wa mume walijaa nyumba nzima, wakalia, wakala, wakaenda zao. Wakabaki wanawake wawili na kiti kimoja cha mikono, cha marehemu, ambacho hakuna aliyekubali kukikalia.

"Sikukatazi kuolewa," mama mkwe alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Lakini ukienda, mimi nitamwita nani asubuhi? Ukuta?"

"Nani amesema naolewa?"

"Kabati," akajibu bibi yule, akanywa chai yake.

Njiani Mama Ghala alitembea polepole, na si kwa sababu ya umande. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anaomba mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Mradi ulikuwa umekilea kikundi chao miaka mitatu. Kila msimu walisubiri lori la mradi liwaletee mbegu za mahindi, na lori lenyewe lilikuwa na tabia za bwana harusi wa mjini: mwaka jana lilichelewa wiki tatu, wakapanda mvua imeshakata, wakavuna mabua. Wakaapa hawatasubiri tena. Wakachagua mbegu zao wenyewe, gunzi kwa gunzi, wakazikausha, wakazihifadhi. Sasa kilichobaki ni jaribio: punje mia moja zilazwe kwenye kitambaa chenye unyevu, zikunjwe, zifunguliwe siku ya saba mbele ya mkaguzi. Zikiota themanini na tano au zaidi, kikundi kinapewa kibali cha kuzalisha mbegu, kinasimama kwa miguu yake, mradi unafungwa.

Na mradi ukifungwa, Bwana Shamba anahamishwa. Barua ya uhamisho ilikuwa imeshakuja. Bonde la mbali, safari ya siku mbili, kikundi kingine kinachoanza na mikono mitupu.

Mbegu zikiota, anaondoka. Zisipoota, anabaki msimu mzima. Na aliyezitunza mbegu hizo miezi yote ile, akizigeuza juani na kuzilinda na wadudu wa bungua, ni yeye. Wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye hakujaliwa mtoto, wakampa jina la ghala, na jina likamkaa kama nguo ya kushonewa. Ni pale tu alipokuwa peke yake ndipo lilipombana.

Bwana Shamba alikuwa amesimama nje ya ghala, kofia mkononi, kalamu tatu mfuko wa shati na zote tatu haziandiki. Alikuwa mrefu, jua limemchoma mpaka masikio, na miguu yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuruka matuta. Si mwanaume wa kumfanya mtu akwae njiani. Lakini akikuuliza jambo alisubiri jibu, na Mama Ghala, ambaye kwa miaka mingi aliulizwa tu "chumvi iko wapi," alikuwa amekwaa siku ile ile ya kwanza.

"Umelala?" Bwana Shamba akamuuliza.

"Nimelala."

"Muongo. Macho yanakusaliti."

"Na yako je?"

Wakatazamana. Mama Ghala ndiye aliyetangulia kuinamisha macho, akajikuta anakagua viatu vya Bwana Shamba kama fundi. Vilikuwa vimepigwa rangi. Mtu hapigi viatu rangi kwa ajili ya shamba. Anapiga kwa ajili ya safari.

"Zitaota," Bwana Shamba alisema kwa sauti ya chini. "Mbegu zako nazijua."

"Nami nazijua," akajibu.

Ndani, wanawake walikuwa wameketi kwenye magunia, wakinong'onezana na kusukumana viwiko kama wasichana wa darasa la tano. Mama Ghala alipoingia wakanyamaza wote kwa pamoja. Rafiki yake mkubwa, yule waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, akamvuta pembeni, uso unang'aa.

"Shoga, tulia. Futa hayo machozi kabla hayajatoka."

"Machozi gani?"

"Haendi popote mtu wako. Tumeshamaliza kazi."

"Mmemaliza kazi gani?"

Redio akaangalia kushoto na kulia. "Si mimi ndiye niliyepewa zamu ya kuhesabu zile punje na kunyunyizia maji wiki nzima? Basi zile nilizozilaza nilizipitisha kwanza kwenye kikaango. Kidogo tu, zisibadilike rangi. Hazioti zile hata uziimbie. Wote tumekubaliana. Tumekupigia kura bila wewe."

Mama Ghala alimtazama kama anayetafsiri lugha ngeni. "Mmekaanga mbegu?"

"Punje mia tu, bibi wee! Magunia yote yako salama. Tunapoteza msimu mmoja, wewe unapata mume. Miaka sita tunakuona unarudi nyumbani na kivuli chako. Tumechoka sisi, hata kama wewe hujachoka."

Kabla hajapata ulimi, gari la mkaguzi likasimama nje.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani puani, mwenye sura ya kutochekeshwa tangu ubatizo. Aliwasalimu, akaweka sinia juu ya meza, akakifungua kitambaa mkunjo kwa mkunjo. Harufu ya uchachu ikatangulia. Halafu punje zikaonekana, safu kumi za kumi, zimevimba, zimeota ukungu mweupe. Kilichoota ni ukungu tu.

Mkaguzi alihesabu hata hivyo. Watu wa namna hiyo huhesabu hata hewa. Alipita safu ya kwanza hadi ya kumi kwa ncha ya kijiti, akavua miwani.

"Sifuri," akasema.

Mama Ghala alikuwa anamwangalia Bwana Shamba. Alitegemea kuona, ndani kabisa ya macho yale, hata cheche ya furaha. Hakuiona. Aliona mtu anayezeeka hapo hapo alipo. Mikono yake iliigeuza kofia, ikaigeuza tena, kama anatafuta pa kuingilia.

"Mbegu zilichaguliwa na nani?" mkaguzi aliuliza. "Zilihifadhiwa na nani?"

Midomo ya Mama Ghala ikabaki imefungwa. Sema, akajiambia. Hakusema. Msimu mmoja. Asubuhi mia na kitu za kuulizwa "umelala?" na mtu anayesubiri jibu. Nani ataumia?

"Kosa ni langu," Bwana Shamba alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha kukausha. Nadhani nilikosea. Wao walifuata nilichosema. Naomba iandikwe hivyo, isiandikwe kwamba wao hawakuweza."

Mkaguzi akaandika. "Kwa hiyo kibali hakuna. Mradi unaendelea msimu mmoja zaidi, na wewe utabaki, ila ripoti yako haitakuwa nzuri."

Hapo kigelegele kikaponyoka nyuma ya magunia. Kifupi, kikazibwa kwa kiganja katikati. Mkaguzi akageuka taratibu.

"Nani anashangilia kufeli?"

Wanawake wote wakaangalia dari, na dari haikuwa na la kuonyesha.

"Zimekaangwa," Mama Ghala akasema.

Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Alisogea mezani, akaokota punje moja, akaifuta ukungu kwa kidole, akaivunja kwa ukucha. "Tazama, kiini kimeiva. Bwana Shamba hakukosea. Hizi zilipitishwa kikaangoni kabla ya kulazwa. Mbegu zetu ziko kwenye yale magunia, nzima. Chukua mwenyewe, gunia lolote, uhesabu kwa mkono wako, ufunge, uondoke nazo."

"Shoga!" Redio akalia kama aliyekanyagwa.

"Nani alizikaanga?" mkaguzi akauliza.

"Sisi," akajibu Mama Ghala. "Kikundi."

Mkaguzi aliwatazama wote, kisha akamtazama Bwana Shamba, akamrudia Mama Ghala na kilemba chake kipya. Hakuwa mjinga yule mama. Pembe ya mdomo wake ilitikisika, ikarudi kazini haraka.

"Katika miaka yangu yote," akasema, "nimeona watu wakidanganya ili wafaulu. Ninyi ni wa kwanza." Akachukua mfuko, akatumbukiza mkono gunia la tatu kutoka mlangoni. "Siku saba. Nitarudi na jibu."

Mchana, wenzake walipokwisha kutawanyika, Mama Ghala alibaki akifagia ghala ambalo tayari lilikuwa safi. Alijua Bwana Shamba atakuja. Akaja, akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Ulijua?" akauliza.

"Nimejua leo leo. Redio aliniambia gari likiwa linaingia."

"Kwa hiyo mkaguzi alipokuwa anahesabu, ulijua."

"Nilijua."

"Niliposema kosa ni langu, ulijua."

Ufagio ukasimama. "Nilijua."

Bwana Shamba akacheka kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake. "Nilisimama pale nikijiona sifai. Miaka mitatu, nikajisema, nimewapotezea wanawake hawa miaka mitatu. Na wewe ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu, kimya."

"Nilinyamaza kidogo tu."

"Kwangu haikuwa kidogo."

"Sasa unataka niseme nini? Kwamba nilitaka ubaki? Haya, nilitaka ubaki! Umefurahi? Mwanamke mzima, mjane, nimesimama hapo nikiomba mahindi yafe!" Sauti ilimkatika. "Wewe uliomba nini?"

Bwana Shamba alizungumza na kofia yake.

"Niliomba yaote. Halafu nikaomba yasiote. Halafu nikaona aibu."

Kati yao palikuwa na kizingiti tu, kipande cha mti ambacho hata kuku alikiruka, na hakuna aliyekiruka.

"Ungeniambia," Bwana Shamba akasema. "Siku moja tu ungeniambia."

"Wewe ndiye mwanaume. Ungeanza."

"Nilianza! Kila asubuhi nakuuliza umelala?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa posa?" Mama Ghala akauliza, na pamoja na machozi yote akajikuta anacheka, naye akacheka, na kwa muda mfupi wakawa watu wawili wapumbavu, wenye furaha, waliochelewa miaka mitatu.

Kisha Bwana Shamba akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imechanika. "Kina mama wa kule bondeni wameniandikia. Arobaini na wawili. Wanauliza nije na mbegu gani, na kama ni kweli kuna kikundi mahali kinajitegemea, au ni hadithi za mradi."

Mama Ghala aliisoma. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyezoea kalamu, umeng'ang'ania karatasi. Alimkumbuka mwanamke mmoja, mwaka jana, aliyesimama njiani akisubiri lori lisilokuja, jembe begani, asijue pa kulitua. Mwanamke huyo alikuwa yeye.

"Wanapanda lini?"

"Wiki tatu zijazo."

Akaikunja barua kwa uangalifu, akamrudishia.

Siku zile saba hakuna aliyewasumbua. Hata Redio alipita mbali, na kwa Redio kunyamaza kulikuwa ugonjwa. Wao wawili walifanya kazi kama kawaida, wakapanga mashamba ya nani yapakane na nani, nani apande mapema ili mbegu zisichanganyike. Kila Bwana Shamba alilomuuliza, Mama Ghala alikuwa na jibu lake tayari. Siku ya nne Bwana Shamba aliweka kalamu chini akasema, "Hunihitaji tena." Alilisema kama sifa, likatua kama jiwe. Mama Ghala akajifanya anatafuta kamba.

Mkaguzi alirudi na kitambaa chake mwenyewe. Alikifungua juu ya meza ile ile. Mizizi ilikuwa imesukana kama nywele, vichipukizi vimesimama wima, vyeupe, vinang'aa. Akahesabu tisini na sita. Akahesabu tena kwa mazoea, akapata tisini na sita. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele mpaka Mama Ghala alipogeuka akawaangalia, akakianzisha mwenyewe. Kilimtoka vizuri kabisa. Wenzake wakakidaka huku wanalia, na mgeni asingejua wanashangilia au wanazika.

Gari la mkaguzi ndilo lililomchukua Bwana Shamba jioni ile. Mzigo wake ulikuwa begi moja na sanduku la vitabu lisilofunga. Mama Ghala alilifunga yeye, kwa kamba, mafundo mawili.

"Sema neno moja," Bwana Shamba alimwambia, ameinama upande wa pili wa sanduku ili mkaguzi asisikie. "Moja tu. Naandika barua ya kuacha kazi hapa hapa, juu ya hili sanduku."

"Kalamu zako haziandiki."

"Usinitanie. Sema."

Alikuwa karibu mno. Mama Ghala aliona vumbi kwenye nyusi zake, akaona kidevu alichokinyoa vibaya kwa haraka. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Ukifika kule," akasema, "usiwaache wakaushe mbegu chini. Udongo una unyevu. Mikeka itandikwe kwanza."

Bwana Shamba akavaa kofia, akaingia garini. Gari lilipoondoka hakugeuka nyuma, au labda aligeuka. Vumbi lilikuwa jingi, na macho ya Mama Ghala siku hiyo hayakuwa shahidi wa kutegemewa.

Nyumbani alimkuta mama mkwe bado kwenye kigoda, jua limeshamhama.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, mama. Tumefaulu. Tisini na sita."

"Hongereni." Bibi akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata uso wa mkwewe. Vidole vikapita shavuni, vikasimama. Palikuwa pakavu. "Mbona hulii?"

"Nitalilia wapi, mama? Humu ndani ni kwa mwanao."

Mama mkwe alimvuta mpaka akakaa chini, karibu na miguu yake.

"Mwanangu alikufa," akasema polepole, kama anayejifundisha neno hilo upya. "Miaka sita mimi ndiye niliyekataa. Nikakushika mkono, nikaona nimemshika yeye. Niliomba huyu mtu aende, nisikufiche. Niliomba kila siku. Lakini sikuomba unirudie hivi. Lia. Hakuna atakayeona vibaya humu."

Ndipo akalia. Alilia kichwa kikiwa kwenye magoti ya bibi, bila sauti kwanza, halafu kwa sauti. Giza lilianza kuingia ua mzima na hakuna aliyewasha taa. Mmoja hakuihitaji, mwingine hakuitaka.

"Alikuambia nini mwishoni?" mama mkwe akauliza, alipomsikia ametulia.

"Aliniambia niseme abaki."

"Ukasema?"

"Sikusema."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya kilemba. "Kwa ajili yangu?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini, mwanangu? Neno moja tu."

Mama Ghala aliifuta pua kwa kiganja, akaangalia njia, ambako vumbi lilikuwa limeshatua lote.

"Kwa sababu angebaki."